Aliimba Ikulu, akanyimwa ukumbi wa jirani: fundo la Marian Anderson

Mwanzoni mwa 1936 Rais Franklin Roosevelt na mkewe Eleanor walimwalika Ikulu ya Marekani mwanamke mweusi kutoka Philadelphia ili awaimbie. Miaka mitatu baadaye mwanamke huyohuyo, sasa akiwa na jina kubwa zaidi, alinyimwa ukumbi wa muziki ulio mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Ikulu hiyo. Hata mwaka haukuisha: Juni 1939 akaitwa tena Ikulu, safari hii kumwimbia Mfalme George wa Sita wa Uingereza. Baada ya heshima zote hizo akasubiri hadi Januari 1955, akiwa na miaka 57, ndipo jumba kuu la opera la nchi yake likampa jukwaa.

Habari za Marian Anderson husimuliwa mara nyingi kama habari za sauti iliyobomoa ukuta. Masimulizi hayo yanapendeza, ila hayaelezi chochote. Hakuna aliyebisha uzuri wa sauti yake. Hata waliomfungia milango hawakusema kwamba hajui kuimba. Kama sauti ingetosha, mambo yangeisha mwaka 1925, aliposhinda shindano kubwa la uimbaji. Ubaguzi katika muziki wa kitaaluma wa Marekani ulikuwa milango kadhaa, kila mlango na bawabu wake na sababu zake, na aliyepita mmoja hakuwa na hakika ya kupita wa pili.

Mlango wa kwanza: darasani

Alizaliwa Philadelphia tarehe 27 Februari 1897. Baba aliuza barafu na makaa ya mawe, akafariki baada ya kuumia kazini wakati Marian bado ni msichana mdogo. Mama alikuwa mwalimu huko Virginia, lakini Philadelphia hakuruhusiwa kufundisha kwa vyeti alivyokuwa navyo, akaishia kufua nguo za watu na kusugua sakafu za duka kubwa la Wanamaker. Muziki Marian aliupata kanisani, Union Baptist, alikoingia kwaya ya watoto akiwa na miaka sita. Waliokulia kwenye kwaya watamwelewa mara moja: alikariri sauti zote nne, na asipotokea mtu siku ya ibada yeye ndiye aliyeziba pengo, iwe soprano, ya juu ya kike, iwe tenor, ya juu ya kiume. Sauti yake halisi ilikuwa kontralto, ile sauti ya kike nzito kuliko zote, na ilishuka chini kiasi kwamba waliomsikia mara ya kwanza walishtuka.

Waumini walichanga fedha ili asome muziki. Akaenda kwenye shule ya muziki ya mjini kuomba fomu, akapanga foleni. Binti wa dirishani alimruka, akawahudumia wa nyuma yake mmoja baada ya mwingine, na foleni ilipokwisha akamwambia kwamba hawachukui weusi. Marian aliyasimulia hayo miaka mingi baadaye kwenye kumbukumbu za maisha yake, kwa upole unaokera kidogo. Aliishia kwa walimu binafsi, wa mwisho akiwa Giuseppe Boghetti.

Mlango huo una madhara ambayo hayaonekani siku unapofungwa. Mwaka 1924 alikodi ukumbi wa Town Hall, New York, akaimba nyimbo za Kijerumani mbele ya viti vingi vitupu. Mhakiki mmoja akaandika kwamba ameimba nyimbo za Brahms, mtunzi Mjerumani, kama mtu aliyekariri tu. Hakukosea sana! Kijerumani hakikuwa kimekaa sawa mdomoni mwake, kwa kuwa mahali pa kukisomea palikuwa pamefungwa. Ubaguzi ulimnyima mafunzo, kisha upungufu uliotokana na kunyimwa ukaandikwa gazetini kama udhaifu wake. Marian alivunjika moyo, akaacha kuimba hadharani kwa muda.

Mwaka uliofuata alishinda shindano lililokuwa na washiriki zaidi ya 300, na zawadi ikawa kuimba na Orkestra ya New York Philharmonic kwenye uwanja wa Lewisohn. Majaji waliamua kwa masikio. Lakini ushindi ule haukuzaa matunda waliyozoea washindi wengine. Akabaki kwenye mzunguko uleule wa makanisa na vyuo vya weusi, na ujira wake ukagota palepale. Ndiyo maana akavuka bahari. Mwaka 1930 ufadhili wa Mfuko wa Rosenwald ulimpeleka Berlin, na lengo la kwanza lilikuwa kile Kijerumani.

Ulaya haikuwa pepo

Nchi za Skandinavia zilimpokea kwa wazimu. Akizunguka na mpiga piano Mfini, Kosti Vehanen, aliimba usiku baada ya usiku, na mtunzi mzee Jean Sibelius alipomsikia nyumbani kwake alimwambia kwamba dari ya nyumba ni fupi kwa sauti yake. Mwaka 1935 huko Salzburg, Austria, kondakta Arturo Toscanini alisema sauti kama ile husikika mara moja tu katika miaka mia. Maneno hayo yanarudiwa kila mahali. Kinachosahaulika ni kwamba mjini hapohapo, mwaka huohuo, Marian alikataliwa nafasi kwenye ratiba rasmi ya tamasha, akaimba kando yake. Toscanini alimsikia kwenye mkutano wa faragha hotelini.

Basi tofauti ya Ulaya na Marekani haikuwa kwamba huku kuna ubaguzi na kule hakuna. Wazungu wa Helsinki au Stockholm hawakuwa na desturi ya kukaa mbali na majirani weusi, maana majirani hao hawakuwapo. Mwimbaji mweusi kwao alikuwa mgeni wa ajabu. Marekani alikuwa mtoto wa mfua nguo, na kumshangilia kungeweza kuleta swali la mahali atakapolala usiku ule.

Aliyemrudisha nyumbani ni Sol Hurok, wakala wa wasanii, mhamiaji Myahudi kutoka Urusi aliyemsikia Paris. Hurok aliyageuza maneno ya Toscanini kuwa tangazo. Desemba 1935 Marian alipanda tena jukwaa la Town Hall, lilelile lililomwaibisha, mguu ukiwa ndani ya plasta baada ya kuanguka melini. Gauni refu lilificha plasta, na pazia lilifunguliwa akiwa tayari amesimama kwenye mkunjo wa piano. Safari hii hakuna aliyelalamika kuhusu Kijerumani.

Nani anaketi wapi

Hapa ndipo wasomaji wengi hupotea. Mwimbaji mweusi kusimama mbele ya Wazungu na kuimba halikuwa jambo geni Marekani. Sissieretta Jones aliimba Ikulu tangu karne ya 19, na tenor Roland Hayes alijaza kumbi miaka ya 1920. Ugomvi mkubwa zaidi ulikuwa chini, kwenye viti.

Miji ya Kusini ilitenganisha watazamaji kwa sheria au kwa desturi: Wazungu ukumbini, weusi roshani ya juu kabisa, mara nyingi kwa kupanda ngazi za nyuma. Msanii mweusi akivuta umati wa watu wake, ukumbi unalazimika kuamua umati huo uwekwe wapi. Marian na Hurok walikuja na sharti lao. Wenye ukumbi wakidai mgawanyo, ukumbi ugawanywe kwa wima: weusi wapewe upande mmoja kuanzia safu ya mbele hadi ya nyuma na hadi roshani, ili kila daraja la tiketi liwe na viti vyao. Bado ulikuwa utengano, na baadhi ya weusi walimlaumu kwa kuukubali. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliacha kabisa kuimba mbele ya watazamaji waliotenganishwa. Naona kwamba lawama zile zilikuwa na haki yake, na kwamba yeye pia alikuwa na haki ya kupima anachoweza kukibeba. Kwenye ziara zilezile alilala majumbani mwa watu kwa sababu hoteli hazikumtaka. Mwaka 1937 mjini Princeton, baada ya hoteli kumkataa, aliyemfungulia nyumba ni Albert Einstein.

Kifungu cha mkataba

Sasa turudi kwenye ule ukumbi wa jirani na Ikulu. Constitution Hall, Washington, ulikuwa mali ya Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani, chama cha wanawake wenye nasaba ya watu waliopigania uhuru dhidi ya Waingereza. Ulikuwa na viti karibu 4,000, na mji mkuu haukuwa na ukumbi mwingine wa hadhi hiyo. Tangu 1932 mikataba yake ilikuwa na kifungu kinachosema kwamba matamasha ni ya wasanii weupe pekee.

Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha weusi, kilikuwa kikimwandalia Marian onyesho kila mwaka, na kila mwaka watu walizidi ukumbi. Kwa tarehe 9 Aprili 1939 kikaomba Constitution Hall. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba tarehe hiyo imeshachukuliwa na Orkestra ya Taifa, jambo lililokuwa kweli. Zilipoulizwa tarehe nyingine, kifungu kikajitokeza. Howard wakageukia ukumbi wa shule ya sekondari ya Wazungu, Central High. Bodi ya elimu ikakataa, kisha ikalegea kwa sharti kwamba ruhusa hiyo isije ikawa desturi. Ofa ya namna hiyo ikakataliwa nayo.

Kamati ya wananchi iliyoundwa iliongozwa na Charles Hamilton Houston, mwanasheria mweusi ambaye tayari alikuwa akijenga kesi dhidi ya utengano mashuleni. Kwa macho yake suala la mwimbaji na suala la shule lilikuwa moja. Ndipo Februari 26 Eleanor Roosevelt, mwanachama wa Mabinti wale, akawaandikia barua ya kujiuzulu: walikuwa na nafasi ya kuonyesha njia, wakashindwa. Kesho yake akaandika kwenye safu yake ya magazeti kuhusu kujiondoa kwenye chama, bila kukitaja jina wala kumtaja Marian. Kila msomaji alijua.

Kujiuzulu hakukufungua ukumbi. Mabinti hawakutetereka. Kilichofanyika ni kuupita ukumbi kando, na hapo ndipo sheria ya umiliki wa ardhi ilipofanya kazi ambayo huruma haikuweza. Walter White wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, alipeleka hoja kwa Oscar Chapman kwenye wizara iliyosimamia ardhi na hifadhi za serikali kuu, Chapman akaipeleka kwa waziri wake, Harold Ickes. Hoja ilikuwa aimbe nje, mbele ya jengo la kumbukumbu ya Abraham Lincoln, lililosimama kwenye ardhi ya wizara ile. Hapakuwa na bodi ya kuombwa wala kifungu cha mkataba, na hapakuwa na viti vya kutenganisha, kwa kuwa watu wangesimama.

Marian mwenyewe hakulipenda wazo hilo. Hakuwa mtu wa jukwaa la siasa, na usiku wa kuamkia siku yenyewe alipiga simu kuuliza kama ni lazima. Asubuhi ya Pasaka, tarehe ileile 9 Aprili, alifika Washington kwa treni na, kwa kuwa hoteli za mji mkuu hazikumpokea, akapumzika nyumbani kwa Gifford Pinchot, aliyewahi kuwa gavana wa Pennsylvania. Kulikuwa na baridi. Alivaa koti la manyoya juu ya gauni, akashuka ngazi za marumaru kuelekea rundo la maikrofoni, mbele yake watu 75,000, weusi kwa weupe wamechanganyika hadi ukingo wa bwawa. Redio ilirusha nchi nzima.

Alianza na wimbo wa taifa usio rasmi wa Wamarekani, ule wa nchi tamu ya uhuru. Panaposema "ninakuimba", yeye aliimba "tunakuimba". Baadhi wanasema alikusudia, wengine kwamba ulimi uliteleza. Vyovyote iwavyo kanda ipo na neno linasikika. Kisha akaimba kipande cha opera ya Donizetti, "Ave Maria" ya Schubert, na nyimbo za kiroho zilizotungwa na watumwa. Maonyesho yake mengi yalipangwa hivyo, Ulaya kwanza, watumwa mwishoni, na wahakiki walizoea kuandika kwamba hata ndani ya Schubert wanasikia huzuni ya utumwa. Nadhani huko nako kulikuwa kumbagua kwa njia ya sifa: kazi ya miaka Berlin ikageuzwa kuwa kitu alichozaliwa nacho.

Ndani ya Constitution Hall aliimba hatimaye Januari 7, 1943, kuchangisha fedha za msaada kwa China, na kwa sharti lake watu waliketi bila kutengwa. Kifungu chenyewe kiliondolewa 1952.

Kwa nini opera ilichelewa zaidi

Karibu miaka kumi na sita baada ya umati ule, jumba la opera la Metropolitan, New York, bado haikuwa imempa mwimbaji mweusi hata mmoja nafasi ya uhusika. Mtu anaweza kudhani ni ukaidi wa watu wachache. Kulikuwa na zaidi.

Kwenye onyesho la kawaida mwimbaji husimama kando ya piano kama yeye mwenyewe. Kwenye opera ni mtu mwingine: mke wa mtu, mchumba, malkia. Anashikwa mkono, anabusiwa, anafia kifuani mwa tenor. Marekani ya wakati ule, majimbo mengi yalikataza ndoa kati ya mweupe na mweusi, na marufuku hayo yalidumu hadi Mahakama Kuu ilipoyafuta 1967. Ongeza biashara: kila mwaka Metropolitan ilizunguka mikoani, Kusini ikiwamo, na Atlanta ilikuwa kituo chake cha zamani. Kuajiri mwimbaji mweusi kulikuwa na maana ya kujibu mapema atapanda treni gani, atakula wapi, na wafadhili wa huko watasemaje. Ilikuwa rahisi kusema kwamba bado hajapatikana anayefaa.

Majumba mengine yalithubutu mapema zaidi. Todd Duncan aliimba New York City Opera mwaka 1945 na Camilla Williams akafuata 1946, akiwa mhusika mkuu wa opera "Madama Butterfly". Metropolitan ilisubiri meneja mpya kutoka Ulaya, Rudolf Bing. Ndiye aliyempa Marian mkataba, na tarehe ikaangukia Januari 7, 1955, siku na mwezi uleule wa Constitution Hall miaka kumi na miwili kabla.

Alipewa uhusika wa Ulrica katika opera ya Verdi, "Un ballo in maschera". Inafaa kuangalia uhusika huo kwa karibu. Ulrica ni mpiga ramli. Ana onyesho moja tu, hana mpenzi, habusiwi na mtu. Sauti inayotakiwa ni kontralto, hilo ni kweli. Lakini katika matini ya Kiitaliano hakimu anataka afukuzwe nchini, akimtaja kuwa ni wa damu chafu ya weusi. Mweusi wa kwanza Metropolitan aliingia kupitia uhusika ulioandikwa kuwa mweusi, na ulioandikwa kwa tusi. Siku ishirini baadaye aliingia Robert McFerrin, mwanamume wa kwanza, akiwa Amonasro, mfalme wa Ethiopia katika opera "Aida".

Pazia lilipofunguka watu walishangilia kabla hajaimba noti hata moja, na mama yake, yule msugua sakafu, alikuwepo. Wapenzi wa muziki walisikia pia kwamba sauti ilikuwa imeshapita kilele chake, na jukwaa la kuigiza lilikuwa geni kwake. Angekuwa amelizoea tangu akiwa na miaka thelathini kama majumba yangemruhusu. Aliimba Ulrica mara nane, basi.

Kuna jambo dogo la kando kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Machi ya mwaka huohuo, mjini New York, Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuitetea Tanganyika. Mwaka 1958 Marian aliteuliwa kwenye ujumbe wa Marekani huko Umoja wa Mataifa, akapangwa kwenye kamati iliyoshughulikia maeneo ya udhamini, kama Tanganyika. Hapo alisoma misimamo ya serikali yake ambayo moyo wake haukukubaliana nayo yote, na hilo aliliweka wazi kamatini.

Waliopita nyuma yake

Mabadiliko makubwa ndani ya Metropolitan kwa maoni yangu ni ya 1956, ingawa hayasherehekewi sana. Mattiwilda Dobbs aliimba Gilda, binti wa mchekeshaji wa kasri, msichana anayependwa, na ambaye matini haikumwandika mweusi. Leontyne Price alikwenda mbali zaidi. Alipotakiwa kuanza kwa Aida, binti mfalme wa Ethiopia aliye utumwani, alikataa. Akangoja hadi Januari 27, 1961 akaingia kama Leonora, bibi wa kasri la Kihispania, na makofi yake yanakumbukwa kuwa miongoni mwa marefu kabisa ya jumba lile. Mwaka huohuo George Shirley akawa tenor wa kwanza mweusi mwenye nafasi za mbele pale. Tenor weusi wamebaki wachache hadi leo, na sidhani ni bahati mbaya: katika opera, tenor ndiye mpenzi.

Orkestra nyingi zimepunguza upendeleo kwa kuwaweka waombaji wa kazi nyuma ya pazia, majaji wasikie bila kuona. Opera haiwezi kufanya hivyo hadi mwisho, kwa sababu mwili wa mwimbaji ni sehemu ya mchezo. Kwa hiyo mabishano yamehamia kwenye sura. Hadi 2015 Metropolitan ilikuwa bado ikimpaka rangi nyeusi mwimbaji mweupe wa Otello, jemadari mweusi katika opera ya Verdi, ndipo ikaacha. Opera ya kwanza ya mtunzi mweusi, Terence Blanchard, iliingia jumbani humo Septemba 2021, miaka 138 tangu lifunguliwe. Kiangazi cha 2022 Arena ya Verona, Italia, ilimpangia Angel Blue, soprano mweusi Mmarekani, aimbe Violetta wa Paris katika "La traviata". Msimu huohuo, katika uwanja huohuo, waimbaji weupe wa "Aida" walipakwa rangi ya kahawia. Blue alijitoa. Uongozi wa Verona ulijibu kwamba kila nchi ina mapokeo yake.